Kinu Kilichopanda Mti

Mama mkwe wangu Anastasie alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja, kisha kulirudia mpaka ulitende. Watu wa kijiji chetu walimpenda, lakini walimpenda kwa mbali kidogo, kama unavyompenda jogoo wa jirani. Mimi sikuwa na bahati ya kumpenda kwa mbali, kwa maana niliolewa na Placide, mwanawe wa pekee, na jiko langu lilitenganishwa na lake kwa ukuta wa matete tu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyasikia kwa watu. Niliyabeba kichwani, na mengine yalikuwa mazito kwelikweli, kwa sababu yalikuwa vyungu vyake.

Kijiji chetu kilikaa mgongoni mwa kilima, kwenye njia ya kutoka Kabambare kwenda Wamaza. Chini yake mto Luama ulipiga kona na kuacha bonde pana la udongo mweusi. Juu tulikuwa na nyumba, migomba na kanisa dogo la miti na udongo. Bondeni tulilima mpunga. Shamba zuri kuliko yote, lile lililolala kwenye kona yenyewe ya mto, lilikuwa la ukoo wa baba mkwe wangu Raphaël, lakini kila mtu aliliita shamba la Anastasie. Raphaël alikuwa mpiga ngoma, na mikono ya wapiga ngoma, kama mnavyojua, ina kazi moja tu.

Nilipoolewa, vita ya Wazungu ilikuwa imeingia mwaka wake wa pili. Wabeleji na wale Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wakipigana huko kwenye ziwa la Tanganyika, na watu wa kando ya ziwa, ambao hawakuwa na ugomvi na Mdachi wala Mbeleji, walisikia mizinga ikilia juu ya mitumbwi yao. Wengi walibeba watoto na nyavu wakaingia bara. Kundi moja lilifika kwetu wakati wa kiangazi, miguu imevimba, nyavu zikiwa bado mabegani kana kwamba wangekutana na ziwa jingine njiani.

Mkubwa wao aliitwa Zuberi. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Mkewe Aziza alikuwa mtu wa kucheka hata pale ambapo wengine walikuwa bado wanatafuta cha kuchekea. Kapita wetu, yule mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, aliwauliza wageni wangependa kukaa wapi. Zuberi akasema hawakuhitaji kitu kikubwa, ila wapewe pahali pa kusikia maji, maana tangu watoke ziwani watoto wao hawalali vizuri. Anastasie aliposikia hivyo machozi yakamlengalenga. Papo hapo akawapa shamba la kona, walime na kujenga. Raphaël alipata habari mwisho, pamoja na mbuzi.

Basi wakajenga chini kabisa, hatua chache kutoka kwenye maji, vibanda vya matete na majani, safi, milango yote ikitazama mto. Sisi wa juu tulishuka kuwasaidia. Anastasie alipita huku na huku akiwafundisha mambo ya mpunga, maana wao walikuwa watu wa samaki na mihogo. Aliwagawia mbegu, akawaambia wazitunze kwenye vikapu, wasiziguse. "Siku ikifika nitawaambia mupande," alisema, na kwa desturi yake aliyarudia maneno hayo asubuhi na jioni, mpaka hata watoto wa wageni wakawa wanamwigiza: nitawaambia mupande, nitawaambia mupande.

Sasa, pembeni mwa shamba lile palikuwa na mkuyu mzee, na kwenye panda yake, juu kuliko mtu mrefu anavyoweza kufika kwa mkono, kulikuwa na kinu. Kinu cha kutwangia, cha mti, kimelala ubavu, na mkuyu umekikumbatia kwa miaka hata magome yamefunika nusu yake. Sisi tulizoea kukiona. Ukoo wa Raphaël ulikuwa na maelezo yake, na Raphaël aliyapenda mno: kwamba babu yake, mtu wa nguvu za ajabu, alicheleweshewa chakula siku moja, akakamata kinu cha mkewe na kukirusha juu ya mti. Raphaël alipokuwa amekunywa pombe ya mchikichi, kinu kilizidi kuwa kizito na babu alikirusha kwa mkono mmoja. Sisi wakwe tulisikiliza kwa heshima.

Zuberi hakujua lolote kuhusu babu. Alipokitazama kinu kile kutoka chini aliona mzinga wa nyuki. Basi siku moja asubuhi alikusanya majani makavu ya kufukizia, akajifunga nguo usoni, akapanda mkuyu huku Aziza amesimama chini na chungu cha kutilia asali. Sisi tuliokuwa tunalima tulimwona, na nakiri hakuna aliyemwonya, maana kazi ya kulima inachosha na mchezo ulikuwa mzuri. Zuberi alifukiza kwa uangalifu mkubwa. Akaingiza mkono taratibu. Akautoa ukiwa umejaa mchanga.

Tulicheka mpaka tukaketi. Aziza alicheka kuliko sisi. Raphaël alisogea kumsimulia Zuberi habari za babu yake, na wakati anasimulia, Zuberi aliendelea kuteremsha alichokikuta ndani ya kinu, mkono baada ya mkono: mchanga wa mto, mweupe, mzuri, na ndani yake magamba ya konokono wa majini. Anastasie aliyaokota yale magamba. Aliyageuza kiganjani, akatazama juu kwenye kinu, akatazama mto, halafu akatazama vile vibanda. Kicheko kilimtoka usoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mama mkwe wangu amenyamaza, na mimi nikaogopa.

Alimgeukia mumewe akamwambia, mbele ya watu, "Baba Placide, babu yako alikuwa na nguvu, sawa. Lakini hakurusha konokono."

Raphaël alikasirika, na kwa siku kadhaa hakula kwa mkewe. Anastasie hakujali. Alizunguka kijiji kizima akiuliza wazee. Kila mmoja alisimulia habari za babu na nguvu zake, kwa sababu ndivyo walivyosimuliwa. Lakini bibi mmoja kipofu, ambaye sasa ni marehemu, alisema kwamba alipokuwa mtoto mchanga mama yake alikimbia naye mgongoni kwenda kilimani, na kwamba walikula panya mwaka mzima. Walikimbia nini, bibi hakujua. Anastasie alijua. Maji yaliwahi kupita juu ya bonde lile, yakapanda kuliko kimo cha mtu, yakaacha kinu juu ya mti kama alama, na watu badala ya kukumbuka maji wakakumbuka babu.

Alishuka kwa Zuberi siku hiyo hiyo, bila kunywa hata maji, akamwambia wahame, wajenge kilimani karibu na sisi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wageni walikuwa wameng'oa visiki vyote vya shamba, wameukata udongo mpaka umelainika. Sasa mwenye shamba anakuja na hadithi ya kinu, anawaambia waende juu, kwenye mawe. Hata mimi ningefikiri walichofikiri.

Zuberi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, kwa ile sauti yake ya chini: "Mama Placide, sisi tumefukuzwa na mizinga. Kama unataka shamba yako, sema tu, tutaondoka. Usitufukuze na kinu."

Anastasie alirudi nyumbani akiwa amefura. Nilimsikia ng'ambo ya ukuta wa matete akiongea peke yake, mara amkemee Zuberi, mara ajikemee mwenyewe kwa kuwapa watu pahali bila kufikiri. Lililomuuma halikuwa kuitwa mwongo, maana ameitwa hivyo na watu wengi. Lililomuuma ni kwamba wale watoto walilala vizuri sasa, wakisikia maji, na aliyewalaza pale ni yeye. Kama Luama ungewachukua, ungewachukua kutoka mkononi mwake. Alisema hivyo kwa sauti, na mimi nilisikia, nikaacha kuosha vyungu.

Kesho yake asubuhi alikunja mkeka wake. Aliweka vyungu vyake juu ya kichwa changu, vyote, pamoja na kinu chake cha kutwangia juu ya bega la Placide, akatutangulia kuteremka. Nilikuwa bibi arusi wa miezi michache. Nilikuwa nimeolewa kwenye nyumba ya juu yenye ukumbi na upepo, na sasa nilikuwa naenda kukaa mbele ya mdomo wa mto. Nililia njia nzima, kwa siri, ingawa nilikuwa siwezi kujifuta machozi, mikono imeshika vyungu.

Anastasie alitandika mkeka katikati ya vibanda vya wageni, kwenye udongo mtupu, akaketi. Zuberi akatoka kumuuliza anafanya nini.

"Niko nakaa," alisema. "Kama pahali ni pazuri kwako, ni pazuri kwangu. Siku nitapanda, utapanda na mimi. Siku utabaki, nitabaki na weye."

Zuberi akaenda kukata matete, na jioni tulikuwa na kibanda. Hakuwa amemwamini bado. Lakini kumwona mwenye shamba amelala chini pamoja na bibi arusi wa mwanawe ni jambo linalomfanya mtu afikiri, na Zuberi alikuwa mtu wa kufikiri polepole na kufika.

Baada ya hapo wakaanza kuzungumza kama watu. Zuberi alikubali kwamba hata ziwa lina siku zake, ila ziwa linakukasirikia mbele ya macho yako, halijifichi milimani na kukushukia. Anastasie alikubali kwamba kilimani ni mawe na kwamba watu hawawezi kula mawe. Wakakata shauri: watakaa chini na kulima chini, lakini watajiandaa. Vijana walifyeka njia pana ya kupanda kilima, iliyonyooka, ambayo bibi mzee na mbuzi wangeweza kupita bila kugombana. Juu karibu na kanisa walijenga ghala kwa ajili ya mpunga wa wageni. Na kila nyumba ya juu ilichaguliwa nyumba yake ya chini, ili siku ikifika mtu asisimame kwenye mvua akiuliza alale kwa nani. Hilo la mwisho ndilo lililoleta kelele, kwa sababu kila mtu alimtaka Aziza na hakuna aliyetaka mjomba wake aliyekoroma.

Placide alichimbia gogo ukingoni mwa mto, na juu yake akachonga mkato. Maji yakigusa mkato, ngoma ya Raphaël ingepigwa juu na watu wangepanda. Gogo la kwanza lilipotea. Tulilitafuta siku nzima, na jioni tukalikuta chini ya chungu cha Aziza, limekuwa makaa. Alisema lilikuwa limekauka vizuri. Placide akachimbia la pili, na hili akalichonga uso wa mtu, ili mtu aone haya kulitia motoni.

Raphaël kwanza alikataa kupiga ngoma kwa ajili ya kinu kilichomvunjia babu yake heshima. Anastasie alimwambia basi atamfundisha Zuberi kupiga. Raphaël akakubali asubuhi hiyo hiyo.

Ikabaki kujaribu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha, ardhi imelowa kidogo, lakini mto ulikuwa bado chini. Anastasie alipanda kilimani, akamwashiria mumewe, ngoma ikalia. Naye akasimama mwanzo wa njia, akaweka mikono mdomoni na kuita kwa sauti yake yote: "Mupande. Watu wote, mupande."

Nilikuwa chini, na niliona yote. Milango ikafunguka. Wageni wakatoka mbio, furaha tele, wake kwa waume, na vikapu vya mbegu na majembe. Siku waliyoahidiwa asubuhi na jioni ilikuwa imefika. Wakainama. Wakaanza kupanda mpunga.

Anastasie, kule juu, aliona migongo badala ya nyuso. Akadhani hawajasikia. Akaita tena kwa nguvu zaidi, mupande, mupande upesi, na wao wakapanda upesi. Akateremka akikimbia, kitambaa kimemtoka kichwani, akilia mupande, maji inakuja, na Zuberi akainua kichwa akamjibu kwa heshima kwamba ndiyo, mama, ndiyo maana tunafanya haraka, ili maji ikute mbegu. Mtoto mmoja alimkimbilia akamtilia mbegu kiganjani, asikose kazi. Nami nilijaribu kueleza, lakini nilikuwa nimeshika mbavu na maneno hayakutoka. Ngoma nayo iliendelea kulia juu, kwa sababu Raphaël akishaanza hasikii mtu, na wageni wakaikuta inafaa kabisa kwa kulimia. Kufikia jua la kichwani, shamba lote la kona lilikuwa limepandwa, wiki nyingi kabla ya wakati wake.

Anastasie aliketi kwenye tope. Nilimwogopea. Kumbe alikuwa anacheka, na Aziza alipoelewa, naye akaketi kando yake, wakashikana mabega, wakacheka mpaka sauti zikaisha. Zuberi alisimama na jembe lake, akiwatazama. "Lugha gani hii," alisema, "mutu na mbegu wanapanda neno moja." Halafu hata yeye akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu afike kwetu.

Neno likabidi libadilishwe. Zuberi ndiye aliyelipata. Alisema waite "kinu" tu, kwa sababu kila mtu anajua kinu kilikwenda wapi na kililetwa na nani. Tukajaribu tena baada ya siku chache. Ngoma ikalia, Anastasie akaita kinu, kinu, na safari hii wageni wote walipanda kilima kwa utaratibu mzuri kabisa, ila Aziza alifika wa mwisho, jasho linamtiririka, na kinu kizima cha mti juu ya kichwa. Alisema walisema kinu. Tangu siku hiyo wanawake wakaona si neno baya. Mtu akikimbia na kinu chake, popote atakapofika atatwanga. Ikawa desturi.

Mpunga uliopandwa kwa makosa ulikua vizuri, na kwa kuwa ulitangulia, ulitangulia pia kuiva. Wageni walivuna wakati mashamba yetu sisi wengine ya bondeni yalikuwa bado kijani. Tuliwatania, tukawaambia ni watu wa haraka. Wakaupandisha mpunga ghalani, kikapu baada ya kikapu.

Halafu masika yakashuka. Siku Luama ulipokuja, ilikuwa siku ya soko la Wamaza, na nusu ya kijiji ilikuwa njiani. Mvua haikunyesha hata tone kwetu. Jua lilikuwa linawaka. Niliteremka kuchota maji nikaona yule mtu wa gogo wa Placide amebaki macho tu. Mto ulikuwa umenyamaza, mzito, rangi ya udongo, unabeba miti mizima na migomba. Nilitupa mtungi. Anastasie alinisikia kabla sijafika, akaanza kuita, na kunituma nikimbilie ngoma.

Nilipanda njia ile sijui kwa miguu ya nani. Raphaël alikuwa amelala ndani kwake, pombe ya asubuhi imemkaa vizuri. Nami nilikuwa mkwe. Kwetu mke wa mtoto hamwiti baba mkwe kwa jina akiwa hai, haingii anapolala, wala hamgusi. Nilisimama mlangoni nikikohoa kwa adabu huku mto unakula bonde. Nilikohoa, nikapiga makofi, nikakohoa tena. Mwisho nikakamata zile fimbo za ngoma, ambazo hakuna mwanamke aliyewahi kuzishika, nikaipiga ile ngoma ya mti bila mpango wowote, kama mtu anayeua nyoka. Raphaël alitoka macho mekundu kumtafuta mwendawazimu anayeiharibu ngoma yake. Nikampa fimbo, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, nikamwonyesha bonde kwa kidole. Aliipiga vizuri siku ile. Sijawahi kumsikia akipiga vizuri hivyo.

Nao wakaja. Walipanda njia pana watu wote, watoto mbele, wazee wameshikwa mikono, mbuzi, mikeka, nyavu, na wanawake mstari mzima wamebeba vinu vichwani. Hakuna aliyekimbia ovyo. Kila mmoja aliingia kwenye nyumba aliyochaguliwa, hata mjomba wa kukoroma. Wawili tu walikuwa bado chini: Anastasie, anayechungulia kila kibanda kuhakikisha hakuna aliyebaki, na Zuberi, aliyekataa kumtangulia. Nilimwona akimwambia kitu, naye akimjibu, na hata kwa mbali nilijua wanagombana ni nani apande kwanza. Maji yaliwafika magotini. Mwishowe walipanda sambamba, na kinu cha mama mkwe wangu kilikuwa kichwani kwa Zuberi, mwanamume mzima, mbele ya watu.

Kutoka juu tuliona vibanda vikijikunja na kwenda. Kimoja kilizunguka kwenye kona, kikasimama, kana kwamba kimesahau kitu, kisha kikafuata vingine. Jua lilipoelekea kuzama maji yalikuwa yamefika kwenye kinu cha mkuyu, na watu wazima walisimama wakikitazama. Raphaël alivua kofia yake. Alimkaribia mkewe akasema babu alikuwa na nguvu, lakini si hizi.

Mashamba yetu yote ya bondeni, yaliyokuwa bado kijani, yalizama. Mwaka ule sisi wenyeji tulikula mpunga wa wageni. Aziza aliupima kwa kikapu na kutugawia, nyumba kwa nyumba, na alipofika kwa Anastasie alimwambia kwa uso mkavu kwamba asiuguse kwanza, atamwambia siku ya kula. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani angeweza kumwambia mama mkwe wangu hivyo akabaki na meno yake. Anastasie alicheka, akambusu mkononi, na nilimwona akigeuka kufuta macho. Mimi nililia waziwazi. Nilikuwa na mimba, na tulikuwa na chakula.

Vita ilipoisha wengine walirudi ziwani. Zuberi na Aziza walibaki, na jamaa zao wengi. Tope lililoachwa na mto lilikuwa zuri ajabu, wakarudi kulima pale pale, lakini nyumba walizipandisha nusu ya kilima, mahali ambapo maji bado yanasikika. Wa kushangaza alikuwa Anastasie. Alisema amezoea kulala akisikia maji, sasa juu hapati usingizi. Raphaël alipofariki alijijengea nyumba chini, chini hata kuliko ya Zuberi, ukingoni mwa shamba lake, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

Miaka ilipita mingi. Wanangu walikuwa wakubwa, nami nikawa mama mkwe wa watu, na wake zao wananinung'unikia ng'ambo ya ukuta. Masika moja maji yakagusa mkato wa gogo, ngoma ikalia, watu wakapanda na vinu vyao. Anastasie akakataa. Alikuwa mzee, magoti yamekufa, na kichwa kimekuwa kigumu kuliko zamani. Alisema maji haya anayajua, hayatapita mlango wake, na nyumba hii ataiacha akibebwa na padri. Placide alimsihi. Kapita mpya aliamuru. Nilipiga magoti nikalia, naye akaniambia niende nikaangalie vyungu vyangu.

Kisha nikamwona Zuberi akiteremka njia ile pana, polepole, kwa fimbo, nywele zote nyeupe. Alikuwa na mkeka kwapani. Hakumsalimu hata. Aliutandika mlangoni pa Anastasie, upande wa mto, akaketi, akanyoosha miguu. Maji yalikuwa yanatambaa kwenye majani, na punde yakagusa visigino vyake. Hakuivuta miguu.

"Zuberi, uko nafanya nini?" Anastasie aliuliza kutoka ndani.

"Niko nakaa, Mama Placide. Kama pahali ni pazuri kwako, ni pazuri kwangu."

Placide alitaka kusema, nikamshika mkono. Maji yalipanda hadi kwenye vifundo vya miguu ya Zuberi, naye akayatazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akicheza. Ndani tulisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Mlango ukafunguliwa, na mama mkwe wangu akatokea, ameinama, anasukuma kinu chake kwa mikono miwili.

"Beba," alimwambia. "Na usinitangulie."